MALI BILA DAFTARI: NAMBARI YA KIFAA CHAKO IKO WAPI?

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani zao mali ilikuwa ng'ombe, mbuzi, mashua na ghala la nafaka. Mfugaji alimtambua ng'ombe wake kwa rangi, kwa pembe na kwa alama aliyomtia sikioni. Hata ng'ombe huyo akichanganyika na kundi la jirani, hapakuwa na ugomvi.

Siku hizi mali ya mtu inaingia mfukoni. Simu, redio, tableti na kompyuta hutoka kiwandani zikiwa pacha, maelfu kwa maelfu, rangi moja na umbo moja. Ukiiweka simu yako katikati ya nyingine kumi za aina hiyo hiyo, utaitambuaje? Utasema ina ufa kwenye kioo? Fundi hubadilisha kioo kwa muda mfupi tu. Utasema ina kifuniko chekundu? Kifuniko ndicho kitu cha kwanza ambacho mwizi hutupa.

Hata hivyo, alama ipo. Kila kifaa cha aina hii hutiwa nambari yake kiwandani, na nambari hiyo ndiyo shahidi wako. Taabu ni kwamba wengi wetu tunaanza kuitafuta siku ambayo kifaa chenyewe hakipo tena. Katika makala haya nataka kukuonyesha nambari hiyo iko wapi, inasema nini, na kwa nini uiandike leo wala si kesho.

Najua kuna atakayesema, "Lakini shuleni haturuhusiwi kuwa na simu!" Kweli kabisa, wala siandiki haya ili mtu afiche simu chini ya godoro. Lakini nyumbani kuna simu ya mama, ya baba na ya nyanya, na wewe uliye sekondari ndiwe unayeitwa kila mara mitambo inapotatiza. Isitoshe, katika simu hiyo mna akiba ya mama. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, simu imekuwa mkoba, benki na daftari la madeni, vyote kwa pamoja. Ikipotea, karo nayo imetikisika.

NAMBARI GANI HASA?

Hebu tuchukue mfano. Tuseme mama mmoja anayeuza mboga ameibiwa simu siku ya soko. Wiki mbili baadaye anasikia kwamba polisi wamemshika kijana akiwa na simu kadhaa. Anakimbia kituoni na kuiona simu yake mezani.

"Afande, hiyo nyeusi ni yangu!"

"Sawa, mama. Nambari yake ni gani?"

Mama anataja ile inayoanza na sifuri saba.

"La, mama. Hiyo ni ya laini, na laini haimo. Nataka nambari ya simu yenyewe."

Mama anabaki kimya. Kumbe simu ina nambari nyingine?

Naam, inayo, tena si moja. Ili tusichanganye mambo, tuzitenge nambari hizi moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni nambari ya laini. Hii ndiyo unayopigiwa na kutumiwa pesa. Inafungamana na wewe pamoja na kampuni ya simu, si na kifaa. Ukiitoa laini na kuitia katika simu nyingine, nambari inahama nayo.

Ya pili ni nambari ya kadi ya laini. Ukiitazama kadi yenyewe utaona tarakimu ndogo ndogo zilizochapishwa juu yake, kwa kawaida 19 au 20. Huanza na 89, na kwa kadi za Kenya hufuatwa na 254 ambayo ni nambari ya nchi yetu. Hii nayo hutambulisha kadi, haitambulishi simu.

Ya tatu ni IMEI. Herufi hizo nne zimetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya utambulisho wa kimataifa wa kifaa cha simu. Ina tarakimu 15 na imetiwa ndani ya simu yenyewe. Ubadilishe laini mara mia, IMEI itabaki pale pale.

Ya nne ni nambari ya kiwandani, ambayo mafundi huiita seriali. Hii hupatikana katika karibu kila kifaa, kiwe simu, kompyuta, runinga au kamera. Mara nyingi huwa na mchanganyiko wa herufi na tarakimu, na kila kampuni huipanga kwa namna yake.

Wengine husikia neno "seriali" wakadhani ni nambari ya siri. Lo! Hapana. Nambari ya siri ni ile ya kufungulia laini au kutolea pesa, nayo haiandikwi popote wala haiambiwi mtu. Seriali na IMEI zinafaa kuandikwa na kuhifadhiwa. Ukizichanganya hizi mbili, utajikuta unalificha la kuandikwa na kuliandika la kufichwa.

Kama bado hujaelewa, fikiria gari. Gari lina nambari ya usajili nyuma na mbele, na lina nambari ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma. Mwizi huweza kung'oa kibao cha usajili na kutia kingine usiku mmoja. Nambari ya chesisi haing'oki hivyo. Nambari ya laini ni kile kibao. IMEI ni ile ya chesisi.

JINSI YA KUIPATA IMEI

Njia rahisi kuliko zote haihitaji intaneti wala salio. Fungua mahali pa kupigia simu kisha ubonyeze nyota, reli, sifuri, sita, reli, yaani *#06#. Usibonyeze kitufe cha kupiga. Pindi utakapomaliza reli ya mwisho, nambari itajitokeza yenyewe kwenye kioo. Njia hii inafanya kazi kwenye simu ndogo za tochi, zile tunazoziita mulika mwizi, na pia kwenye simu kubwa za kugusa kioo.

Usishtuke ukiona nambari mbili. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili, moja kwa kila upande wa laini. Ziandike zote.

Simu nyingine huonyesha baada ya tarakimu 15 mkwaju na tarakimu mbili zaidi, kwa mfano /01. Hizo mbili zinahusu programu iliyomo ndani ya simu, kwa hivyo ziache. Na baadhi ya simu za kisasa huonyesha pia nambari ndefu mno yenye tarakimu 32. Hiyo ni ya laini ya kielektroniki iliyojengewa ndani, si IMEI. Hesabu tarakimu: ukipata 15, umefika.

Njia ya pili ni kuingia kwenye Mipangilio, ile alama iliyochorwa kama gurudumu lenye meno. Katika simu nyingi za Android, shuka hadi sehemu ya Kuhusu simu ambayo mara nyingi huwa mwisho kabisa. Katika iPhone, ingia Mipangilio, kisha sehemu ya Jumla, kisha Kuhusu. Humo utapata IMEI pamoja na seriali.

Njia ya tatu ni kutazama mwili wa simu. Simu ambayo betri yake hutoka, izime, fungua mgongo, toa betri, nawe utaona kibandiko cheupe chini yake. IMEI imechapishwa hapo pamoja na mistari myeusi ya kusomwa na mashine. Baadhi ya iPhone zina nambari hiyo kwenye kile kitrei kidogo kinachobeba laini.

Njia ya nne ni sanduku. Lile sanduku la karatasi ambalo ndugu zetu wadogo hulifanya gari la kuchezea lina kibandiko chenye IMEI na seriali. Kwa hivyo usilitupe! Simu ikipotea, sanduku halikupotea. Aidha, wauzaji wengi huandika IMEI kwenye risiti. Ukinunua simu na muuzaji asiiandike, mwambie tu kwa adabu, "Tafadhali niandikie na IMEI." Hilo halimgharimu hata ndururu.

TARAKIMU KUMI NA TANO ZINASEMA NINI?

Kwa wale wapendao hesabu, hapa pana utamu. IMEI haikutungwa ovyo ovyo.

Tarakimu 8 za kwanza hutambulisha aina ya simu, yaani kampuni iliyoitengeneza na toleo lake. Mbili za mwanzo kabisa huonyesha chombo kilichotoa kibali cha nambari hizo. Kwa mfano 35 ni chombo cha Uingereza na 86 ni cha China. Haina maana kwamba simu yenye 35 imeundwa Uingereza, bali kibali chake cha nambari kilitoka huko.

Tarakimu 6 zinazofuata ni za simu yako binafsi. Simu mbili za aina moja zinaweza kufanana katika zile 8 za kwanza, lakini zitatofautiana hapa.

Tarakimu ya 15 ni mlinzi. Kazi yake ni kukamata makosa ya kunakili. Kanuni yake inaitwa kanuni ya Luhn, kwa jina la Hans Peter Luhn, mhandisi wa kampuni ya IBM aliyepata hataza yake Marekani mwaka 1960. Kanuni hiyo hiyo hutumika katika kadi za benki. Tuijaribu pamoja kwa nambari ya kubuni tu:

1 2 3 4 5 6 7 8 9 0 1 2 3 4

Hizo ni 14. Chukua zile zilizo katika nafasi ya pili, ya nne, ya sita na kuendelea hivyo: 2, 4, 6, 8, 0, 2, 4. Zizidishe kwa mbili: 4, 8, 12, 16, 0, 4, 8. Pale ulipopata nambari yenye tarakimu mbili, jumlisha tarakimu zake: 12 inakuwa 3, na 16 inakuwa 7. Sasa una 4, 8, 3, 7, 0, 4 na 8. Jumla yake ni 34.

Kisha jumlisha zilizobaki bila kuzizidisha: 1, 3, 5, 7, 9, 1, 3. Jumla ni 29. Ukiziweka pamoja 34 na 29 unapata 63. Jiulize, niongeze ngapi ili nifike kwenye kumi kamili inayofuata, yaani 70? Jibu ni 7. Basi tarakimu ya 15 ni 7, na nambari nzima ni 123456789012347.

Ukikosea tarakimu moja unaponakili, hesabu haitakubali. Ukizipindua tarakimu mbili zilizo jirani, kwa kawaida pia haitakubali. Nimesema kwa kawaida kwa sababu mlinzi huyu ana jicho moja bovu: ukiandika 09 mahali pa 90, hesabu inakubali vile vile. Jaribu kwenye nambari yetu hapo juu uone. Kwa hivyo hesabu ni msaada tu; kusoma mara mbili bado ni lazima.

Kabla sijaliacha jambo hili, kuna uvumi ambao watu wamekuwa wakitumiana kwa miaka mingi. Unasema kwamba tarakimu ya 7 na ya 8 zinaonyesha nchi ilikotengenezwa simu, na kwamba ukiona nambari fulani hapo basi simu ni mbovu, ukiona nyingine basi ni bora kabisa. Usiuamini. Ni kweli kwamba zamani tarakimu hizo mbili zilihusu kiwanda ambako simu iliunganishwa. Lakini utaratibu huo uliondolewa kabisa Aprili 2004, na sasa tarakimu hizo ni sehemu ya zile 8 za kutambulisha aina ya simu. Ubora wa simu hausomeki hapo.

KWA NINI NAMBARI HII INA NGUVU?

Simu inapowashwa na kutafuta mtandao, mtandao huweza kuiuliza, "Wewe ni nani?" Simu hujibu kwa kutaja utambulisho wa laini na IMEI yake. Kwa hivyo kampuni ya simu huweza kujua kwamba laini fulani sasa imo katika kifaa fulani. Mwizi akitupa laini ya mama na kutia yake, kifaa bado kinajitaja kwa jina lile lile. Ndiyo maana wachunguzi huhitaji IMEI. Habari hizo hutolewa kwa njia za kisheria, hazitolewi kwa kila anayeuliza. Usikubali, basi, kutapeliwa na mtu anayedai kwamba ukimlipa atakuonyesha simu yako iko wapi papo hapo.

Nguvu hiyo iliwahi kuonekana nchini mwetu waziwazi. Mwaka 2012, Tume ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo baadaye iligeuka kuwa Mamlaka ya Mawasiliano, iliagiza kwamba simu bandia zizimwe. Muda wa mwisho ulikuwa Septemba 30 mwaka huo. Simu hizo zilitambuliwaje? Kwa IMEI. Nyingi zilikuwa na nambari zisizo halali, au simu chungu nzima zikishirikiana nambari moja kama watoto waliosajiliwa kwa cheti kimoja cha kuzaliwa. Watu waliombwa kubonyeza *#06# na kuhakikisha nambari zao. Simu zaidi ya milioni moja zilizimwa. Jirani zetu wa Tanzania nao walizima simu bandia Juni 2016.

Wapo waliolia siku hizo, nao hawakuwa wezi. Walikuwa wanunuzi wa kawaida waliolipa pesa halali kwa simu ambayo hawakuikagua. Hapo ndipo unapoona thamani ya kujua jambo dogo kama hili kabla ya kutoa pesa mfukoni.

VIFAA VINGINE JE?

Kompyuta, runinga, redio na kamera hazina IMEI isipokuwa zile zinazotiwa laini. Kwa hizi tunategemea seriali.

Kwa kompyuta ya kupakata, igeuze uangalie tumbo lake. Tafuta kibandiko chenye herufi S/N. Yanayofuata hapo ndiyo seriali. Kompyuta za Dell huwa na utambulisho mfupi wa herufi na tarakimu 7. Kibandiko kikiwa kimefutika kwa jasho na vumbi, usikate tamaa, kwani mara nyingi nambari hiyo imehifadhiwa pia ndani ya mashine. Katika kompyuta za Apple, bonyeza alama ya tofaa iliyo kwenye kona ya juu kushoto na uchague Kuhusu Mac hii.

Kwa runinga na redio, tazama mgongoni karibu na waya wa umeme unapoingia, au ndani ya kifuniko cha betri. Kwa kamera ndogo, tazama chini, pale penye tundu la kuifungia kwenye miguu mitatu. Tableti huwa na seriali mgongoni, kwa maandishi madogo sana, au ndani ya Mipangilio kama simu.

Lakini jihadhari na jambo moja. Kwenye kibandiko hicho hicho huwa pana pia nambari ya toleo. Nambari ya toleo ni ya ukoo mzima: kompyuta elfu kumi za aina moja zina nambari moja ya toleo. Ukimpelekea polisi nambari ya toleo, ni sawa na kumwambia unamtafuta mtu anayeitwa Mkenya.

Jihadhari pia na herufi zinazofanana na tarakimu. O na sifuri ni mapacha. I na moja ni mapacha. B na nane, S na tano vile vile. Kama una kamera ya simu, piga picha ya kibandiko. Lakini usiihifadhi picha ya kibandiko cha simu ndani ya simu hiyo hiyo! Hiyo ni sawa na kuufungia ufunguo ndani ya nyumba.

DAFTARI LENYEWE

Sasa tufike kwenye kazi. Chukua ukurasa mmoja wa daftari ya mazoezi na upige mistari. Kwa kila kifaa cha nyumbani andika: jina la kifaa na rangi yake, toleo, IMEI zote au seriali, kilinunuliwa wapi na lini, na jina la mtu anayekitumia. Nambari ndefu zigawe katika mafungu ya tatu tatu au nne nne ili jicho lisipotee. Mwambie ndugu yako akusomee kwa sauti nawe ufuatilie kwa kidole, kisha mbadilishane. Ukimaliza, ukurasa huo uwekwe pamoja na risiti pale panapowekwa vyeti vya kuzaliwa na hati nyingine za maana.

Kazi hii kwa nyumba ya watu sita haimalizi saa moja. Vivyo hivyo, shule inaweza kuifanya katika chumba cha kompyuta. Ni kweli kwamba mali ya shule hupakwa rangi au kuandikwa jina kwa wino, lakini rangi hukwaruzwa. Orodha ya seriali iliyo katika faili ya ofisi haikwaruzwi na mtu.

KIFAA KIKIPOTEA

Simu ikiibwa, mambo mawili hufanywa, na watu wengi hulifanya la kwanza tu.

La kwanza ni kupigia kampuni ya simu mara moja, kwa simu ya mtu mwingine, ili laini ifungwe na akaunti ya pesa izuiwe. Hili linaokoa akiba. Lakini kufunga laini si kufunga simu. Laini imekufa, kifaa bado ki hai mkononi mwa mwizi.

La pili ni kwenda kituo cha polisi kupiga ripoti. Taja IMEI na uhakikishe imeandikwa katika kitabu cha matukio, kisha uondoke na nambari ya OB. Bila IMEI, ripoti yako itasema tu kwamba simu nyeusi imepotea. Simu nyeusi ni ngapi Kenya hii?

Na ikiwa hukuwa umeiandika? Tafuta sanduku na risiti. Zikikosekana, simu ya Android iliyokuwa imeingizwa akaunti ya Google huweza kuonyesha IMEI yake ukiingia kwenye huduma ya Google ya kutafuta simu kwa kutumia kifaa kingine. Mwenye iPhone naye huweza kuiona katika orodha ya vifaa vya akaunti yake ya Apple. Lakini hapo lazima uikumbuke anwani na nywila. Mzee asiyekumbuka nywila atafanya nini? Daftari haina nywila.

UKINUNUA SIMU YA MTUMBA

Si wote tunaoweza kununua kifaa kipya, wala si aibu kununua kilichotumika. Lakini usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kabla ya kulipa, bonyeza *#06#. Linganisha nambari unayoiona na ile iliyo kwenye sanduku, chini ya betri kama inafunguka, na ndani ya Mipangilio. Zote zikikubaliana, vyema. Zikitofautiana, uliza kwa nini. Huenda mgongo ulibadilishwa na fundi kwa haki kabisa. Lakini huenda pia simu imechezewa. Muuzaji asipokuwa na sanduku, wala risiti, wala jibu la kueleweka, rudisha simu na uende zako, hata bei ikiwa tamu kiasi gani.

Hili si jambo la mchezo. Sheria zetu zinamkataza mtu asiye mtengenezaji wala wakala wake kubadilisha utambulisho wa simu. Aidha, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 322, inasema kwamba anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Bei ya kutupwa na muuzaji anayetazama nyuma kila dakika ni sababu tosha ya kuamini. Kijana anayenunua simu kichochoroni ili apunguze gharama anaweza kujikuta anaeleza mbele ya hakimu jambo ambalo angelimuuliza muuzaji. Ukinunua kwa mtu binafsi, andikianeni karatasi: majina, nambari za vitambulisho, tarehe, bei na IMEI, kisha kila mmoja atie sahihi.

NENO LA MWISHO

Wenzangu, IMEI si hirizi. Haizuii mwizi kuingiza mkono mfukoni ndani ya matatu, wala haihakikishi kwamba kila simu iliyoibwa itarudi. Nyingi hazirudi. Wengine huvunja simu na kuuza vipuri vyake, na hapo nambari haisaidii sana. Usiibandike pia IMEI yako mahali pa watu wote kuiona, kwa maana mwenye nia mbaya anaweza kuitumia kudai kwamba simu ni yake au kuinakili katika simu bandia. Mpe muuzaji, fundi unayemwamini, kampuni ya simu na polisi wanapoihitaji, basi.

Lakini simu inapopatikana, na watu wawili wanaidai mezani pa afisa, anayeaminika si anayelia zaidi wala anayeapa kwa sauti kubwa. Anayeaminika ni aliye na tarakimu 15 kwenye karatasi. Karatasi hiyo inaweza kuwa ya mama yako, ikiwa utaiandika.

Likizo inakaribia. Siku ya kwanza utakayofika nyumbani, baada ya kusalimia na kunywa chai, omba simu ya kila mtu kwa dakika mbili. Nyota, reli, sifuri, sita, reli. Kalamu iwe mkononi.